Jina la Susu

Jumatatu, 20 Machi 2006

Mvua imeanza leo, nami naogopa. Niandike hivyo hivyo bila kuzungukazunguka, kwa sababu mchana kutwa nimekuwa nikiwaambia watu kwamba niko sawa.

Ijumaa nilikuwa dukani nikimkatia mteja kitambaa cha hariri. Mkasi ulikuwa umeshafika katikati wakati moyo ulipoanza kunipiga kama mtu anayegonga mlango kwa ngumi. Vidole vikafa ganzi. Nikavuta hewa, haikufika popote. Nilijua nakufa pale pale kwenye kaunta, Westlands, na kitambaa cha watu mkononi. Nikamwambia mteja anisubiri kidogo, nikaenda msalani, nikakaa sakafuni nikishikilia bomba la maji mpaka ikapita. Niliporudi Mama Yash, Mhindi mwenye duka, alinitazama juu ya miwani yake.

"Wewe lala huko choo?"

Mama Yash huongea na kila mtu kama anayefukuza kuku.

Kufa kwenyewe hakunitishi sana. Kinachonitisha ni jina langu. Kwetu Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na mimi ni Ndanu kwa sababu Susu alikuwa Ndanu. Susu ndiyo nyanya kwa Kikamba. Baba hajawahi kuniita kwa jina. Huniita "Mwaitu", mama yangu. Nilipokuwa mdogo nikishika kijiko kwa mkono wa kushoto walicheka: Susu huyo. Nikikasirika walicheka: Susu huyo. Na kila palipokuwa na harusi au matanga, shangazi zangu walisimulia jinsi msimu mmoja wa mvua kubwa, Baba akiwa mtoto bado, Susu alivyoshikwa na wazimu. Alitoka nyumbani mchana, akawaacha watoto mlangoni wakinyeshewa, akaenda zake. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Hadithi huishia hapo. Wakimaliza, wote hunigeukia mimi.

Nimetimiza thelathini na sita mwezi uliopita.

Alhamisi, 23 Machi

Mvua. Haijanishika.

Jumatatu, 27 Machi

Imerudi, na safari hii Kanyiva ameona.

Nilikuwa nikisonga ugali. Mvua ilikuwa ikipiga mabati hata redio haisikiki. Hakuna aliyenitisha, hakuna habari mbaya iliyokuja. Ghafla tu kifua kikabanwa, na miguu ikataka kutoka. Sijui niseme vipi. Miguu yenyewe ilitaka kwenda nje, popote, mradi si hapa. Nilikuwa nimeshafungua mlango. Nilikuwa nimesimama kizingitini, mvua ikinipiga usoni, Kanyiva nyuma yangu akisema, "Mum, ugali inaungua. Mum."

Nimefunga mlango. Tumekula ugali ulioungua na Kanyiva hakusema neno, yeye ambaye hulalamika hata chumvi ikizidi kidogo. Ana miaka minane. Baba yake, Musili, alifariki mwaka juzi, na tangu hapo ana tabia ya kunitazama kwanza kabla hajacheka.

Alipolala nimevua viatu vyangu nikaviweka juu ya kabati, nyuma ya sanduku. Nikitaka kuondoka itabidi nipande kiti nivitafute. Labda nitazinduka kabla sijavifikia.

Ijumaa, 31 Machi

Nimekwenda kliniki hapa Riruta. Nilikuwa na hakika watasema ni presha. Wamenifunga nyaya kifuani, wamenipima damu. Daktari akasema moyo wangu ni mzima kabisa, akatabasamu, akangoja na mimi nitabasamu. Nilitamani uwe mgonjwa. Kama si moyo, basi ni kile kingine.

Amesema kuna mshauri nasaha mjini ninayeweza kumwona. Nimeitikia kwa kichwa. Sitaenda. Ukishaingia kwa watu wa akili umeshakubali kwamba una wazimu.

Jumanne, 4 Aprili

Kanyiva ameuliza, "Mum, mbona viatu vyako viko juu?"

"Panya," nikamwambia.

"Panya hula viatu?"

"Vya watu wazima."

Amecheka. Nami nimecheka. Halafu amechukua vyake, akapanda kiti, akaviweka kando ya vyangu.

Jumamosi, 8 Aprili

Shule zimefungwa jana. Leo nimempeleka Kanyiva kwa shangazi yake Munyiva, dada ya Musili, kule Mutuini. Nimemwambia ni likizo. Huyo shangazi ana ng'ombe, ana shamba la mboga, ana mume mpole. Nani hangetaka likizo huko? Lakini niliweka sare za shule chini kabisa ya begi, chini ya sweta, na Kanyiva aliziona nilipokuwa nikifunga zipu.

Tulipokuwa tukitembea kwenye tope kuelekea kwa Munyiva ndipo akauliza.

"Mum, nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Ni likizo."

"Sare ni za nini?"

Nikamwambia atazame miguu yake asiteleze. Hilo ndilo nililomjibu mtoto wangu.

Munyiva alitupokea vizuri kama kawaida yake, chai ya maziwa matupu na viazi vitamu. Nilipomwambia yote, jikoni, alinishika mikono yote miwili. Sikuwa nimemwambia mtu mwingine. Alilia hata kabla yangu.

"Mama Kanyiva, umefanya la maana kumleta. Wacha akae. Na wewe tutakuombea. Hiyo kitu si yako, ni ya hiyo jina."

Nilihisi nimetua mzigo. Nampenda Munyiva. Watu kama yeye hawapo wengi.

Kanyiva alikuwa kwenye boma la ng'ombe nilipoaga. Alinipungia mkono bila kusogea. Nimerudi Riruta nikijiambia kwamba ikinishika sasa, nikatoka, angalau hakuna mtoto mlangoni.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Duka limefungwa. Nimekaa nyumbani. Mvua tangu asubuhi. Nilidhani Kanyiva akiwa salama uoga utapungua. Umeongezeka. Nyumba ikiwa kimya nasikia moyo wangu mwenyewe, na nikiusikia unaanza kwenda mbio, na ukienda mbio nauogopa. Nimefungua redio. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu. Nimepanda kiti nikahakikisha viatu viko.

Jumanne, 18 Aprili

Nimetembea kutoka kituo hadi dukani nikishika kuta.

Jumamosi, 22 Aprili

Nitaandika kila kitu ili nikifukuzwa kazi Jumatatu nijue ni kwa nini.

Kazi yangu dukani ni kuuza vitambaa na kushona pindo za sari, lakini kazi ninayojivunia ni kuwavisha mabibi arusi. Mama Yash alinifundisha mwenyewe, kwa sababu yeye, kama anavyosema, mgongo unamuuma na hawezi kwenda majumbani kwa watu. Kwa hiyo siku ya harusi naitwa mimi. Wanawake wengine huona ajabu Mkamba akimpangia mwana wao mikunjo ya sari, mpaka waone mikunjo imelala. Hapo hunyamaza.

Leo ilikuwa zamu ya Deepa, huko Parklands. Chumba kilijaa: mama, shangazi, dada, watoto, maua ya manjano kwenye sinia, mpiga picha mlangoni. Sari ilikuwa panetar, ile nyeupe yenye pindo jekundu ambayo bibi arusi hupewa na watu wa mama yake. Nilikuwa nimeshika mikunjo yote kwa mkono mmoja na pini nne nimezibana kwa midomo. Deepa aliinama kuitazama. Akaniuliza polepole, "Auntie, hii itashika? Haitaanguka?"

Nikataka kumwambia haitaanguka. Pini zikiwa mdomoni, moyo ukaanza.

Nilijua nitazimeza. Niliona waziwazi pini zikishuka kooni. Nilizitema mkononi, moja ikanichoma, nikaona tone la damu kwenye kidole na ile nguo nyeupe pale mbele yangu, na sikuweza tena. Niliachia mikunjo. Nikawasukuma wale wanawake. Nilipita kwa mpiga picha, nikapita getini, nikajikuta barabarani kwenye mvua nikitembea kwa kasi bila kujua naelekea wapi.

Viatu vyangu vilikuwa vimebaki mlangoni kwa kina Deepa. Nilikuwa peku.

Siku zote nimekuwa nikificha viatu nikidhani nitavihitaji.

Jumatatu, 24 Aprili

Nilifika dukani mapema nikachukue vitu vyangu. Viatu vyangu vilikuwa kwenye kaunta ndani ya mfuko wa plastiki. Mama Yash alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, jambo ambalo hafanyi kamwe.

"Kaa," akasema. "Kunywa chai kwanza."

"Mama Yash, samahani. Niliharibu—"

"Hakuna haribika. Mama yake nafunga hiyo sari. Vibaya, lakini nafunga." Akanisogezea kikombe. "Moyo nakimbia? Mkono nakufa? Nafikiri leo nakufa?"

Sikuwa nimemwambia kitu hata siku moja.

"Sasa mimi sema, wewe sikia. Mzee yangu nakufa, mimi naenda benki, town, kuweka saini. Ndani ya benki hewa naisha. Nakaa chini sakafuni, watu wote naona. Baada ya hapo siendi benki. Baada ya hapo siendi soko. Baada ya hapo hata temple siendi. Watu nauliza, nasema mgongo." Alijipiga mgongoni. "Mgongo hapana uma, Ndanu. Hii mgongo mzuri sana. Uoga tu."

Miaka yote hiyo nimekuwa nikimbebea mto wa kuegemea.

"Iliisha?" nikamuuliza.

"Haijaisha. Mimi nakimbia, uoga naona njia yangu, nafuata. Sasa mimi iko na duka na nyumba, kwisha. Dunia yangu iko hii." Akaonyesha rafu za vitambaa kwa kidole. "Wewe iko na mtoto. Wewe usifanye kama mimi. Daktari nasema nenda kwa mtu?"

"Alisema. Mjini."

"Jumatano nenda. Duka mimi naangalia."

Halafu akainuka akaanza kunigombeza kuhusu vumbi kwenye rafu ya juu, nami nimepangusa vumbi huku nikilia.

Jumatano, 26 Aprili

Mshauri anaitwa Bi Nanyama. Ofisi yake iko juu kwenye jengo moja katikati ya mji. Sikuthubutu kuingia kwenye lifti, nikapanda ngazi, nikafika nikihema, na nilipoanza kuhema moyo ukadhani ni ile kitu, ukaanza. Kwa hiyo mara ya kwanza kuniona Bi Nanyama alinikuta nimekaa chini kwenye korido nikishika ukuta.

Hakuniinua. Alikuja akakaa chini karibu nami, na sketi yake nzuri.

"Usipigane nayo," akasema. "Toa hewa polepole. Toa zaidi kuliko unavyoingiza. Inapanda, inafika juu, halafu inashuka. Haijawahi kukosa kushuka. Tukae tuione."

Tukakaa. Watu walitupita. Na kweli ikashuka. Ni mara ya kwanza nimeiona ikishuka yenyewe bila mimi kukimbia.

Ndani nilimwambia kuhusu Susu. Aliniambia kinachonishika kina jina, watu wengi hukipata, kinatibika, na kwamba si wazimu. Alieleza vizuri. Nilimsikia, na nilitaka kumwamini kama mtu anavyotaka kuamini kwamba mlango umefungwa, lakini lazima anyanyuke akauangalie. Mwishoni akaniuliza swali moja.

"Nyanya yako alifanyaje baada ya siku hiyo?"

Sijui. Sijawahi kusikia mtu akisema.

Jumatano, 3 Mei

Kwa Bi Nanyama tena. Leo ni kuhusu Musili. Nilisema sikulia kwenye mazishi kwa sababu kulikuwa na wageni wa kupikiwa. Aliniuliza na baada ya wageni kwenda? Nikasema baada ya hapo kulikuwa na vyombo.

Jumamosi, 6 Mei

Shule zinafunguliwa Jumatatu. Leo nilikwenda Mutuini kumchukua Kanyiva. Mwoga bado ni mwoga, lakini nilijiambia nitaogopa naye akiwa nyumbani.

Nilimkuta Munyiva akimpigia pasi sare mpya. Rangi si ya shule yetu.

"Nimemwandikisha hapa chini," akasema, kwa upole ule ule. "Mama Kanyiva, usikasirike. Nilisikia ulivyokimbia kwa Wahindi bila viatu."

"Nani amekuambia?"

"Nairobi ni ndogo. Sikia. Nimeongea na mchungaji wetu. Anasema hilo jina lina mlango wa mapepo. Tarehe ishirini na nane, Jumapili, utasimama mbele, utalikataa, utapewa jina lingine. Ukishafunguliwa mtoto atarudi. Mimi sikunyimi mtoto. Namlinda."

"Unamlinda dhidi ya nani?"

Alipinda kola ya ile sare akaipiga pasi. Kanyiva alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Nilitaka kusema, vaa viatu twende. Lakini nilihisi kifua kikianza, na nikamwona Munyiva akinitazama akingoja nishikwe, na nikaogopa kwamba yuko sahihi.

Nimeondoka peke yangu. Nilipogeuka, Kanyiva hakunipungia mkono.

Jumatatu, 8 Mei

Nimesikia kengele ya shule ya Riruta asubuhi. Nikaziba masikio.

Ijumaa, 12 Mei

Mvua imeharibu ukuta wa choo cha ploti yetu. Mama mwenye nyumba analaumu wapangaji.

Jumatano, 17 Mei

Nimemwambia Bi Nanyama nitakwenda Jumapili hiyo nilikatae jina. Hakunizuia. Alisema, "Ni jina lako, uamuzi ni wako. Lakini ile kitu ikirudi Jumatatu, utalilaumu jina la nani?"

Nimekasirika. Nimeshuka ngazi kwa hasira. Ghorofa ya tatu nikagundua kwamba nikikasirika siogopi, halafu kugundua huko kukanitisha.

Jumapili, 21 Mei

Nimempigia Baba simu, kumwarifu tu. Sikuweza kusema mengi. Nilisema Jumapili ijayo kuna maombi, nitabadilisha jina. Nilidhani laini imekatika.

"Nimesikia," akasema, simu ikakatwa.

Alhamisi, 25 Mei

Lazima niandike haya yote leo, kabla sijaanza kuyatilia shaka.

Mchana mvua ilikuwa kubwa na duka tupu. Mlango ukafunguliwa akaingia Baba. Baba, ambaye hajafika Nairobi tangu mazishi ya Musili, na ambaye hakujua Westlands iko wapi mpaka alipouliza njia. Koti limelowa, kiondo cha mbaazi mkononi, kofia kifuani. Hakunisalimia.

"Nani anamfukuza mama yangu?"

Mama Yash alishuka kwenye kiti chake. Akamtazama Baba, akanitazama mimi, akaleta kiti cha wateja na kikombe cha chai, halafu akaenda mwisho wa kaunta kukunja sari. Aliikunja sari hiyo hiyo mpaka Baba alipoondoka.

"Baba, ni maombi tu."

"Ni maombi ya kumfukuza mama yangu. Nimekuja nimwone huyo mchungaji. Nimuulize mama yangu alimkosea wapi."

Nikalia. Pale pale dukani, nilimwambia: ile kitu ya Susu imenianza. Inanishika, nakimbia, sijui naenda wapi. Nimempeleka mtoto kwa watu nisije nikamwacha mlangoni kwenye mvua kama Susu alivyowaacha wao.

Baba aliweka kikombe chini.

"Alituacha, ni kweli. Mimi nilikuwa mlangoni. Lakini umeambiwa alikuwa ametoka kuzika?"

"Kuzika nani?"

"Ndugu zangu wawili wadogo. Surua. Ilikuwa wiki moja. Na watu wa baba yangu wakamkataza kulia, wakasema akilia ataita wengine. Akanyamaza mpaka mvua ikaanza. Siku hiyo akashindwa, akaenda kwa mama yake, ng'ambo ya mto. Akalilia huko."

"Halafu?"

Alinitazama kana kwamba haelewi ninachouliza.

"Halafu nini? Akarudi."

Nilishika kaunta.

"Akarudi lini?"

"Kunde za msimu huo hazikuwa zimekauka bado. Alikuja asubuhi, akaweka kiondo chini, akauliza nani amevunja kibuyu cha maziwa. Akapika. Sasa wewe ulifikiri sisi tulilelewa na nani? Ulipozaliwa nani alikupokea, akakutemea mate kifuani akakubariki? Huyo huyo. Alikuwa mtu wa kuogopa mvua mpaka alipozeeka. Ikianza kunyesha alikuwa anatuita wote ndani, anatushika nguo. Lakini alikuwa ndani."

"Baba, kwa nini hamkuwahi kusema alirudi?"

Nje magari yalikuwa yamekwama, yakipiga honi.

"Siku aliyokwenda nililia mpaka sauti ikaisha. Hiyo siwezi kusahau. Siku aliyorudi nilikula, nikalala. Sasa hapo mtu atasimulia nini?"

Mama Yash alipenga kamasi kwenye ncha ya sari yake mwenyewe.

"Mwaitu," Baba akasema, akivaa kofia, "mimi nilikuwa na mama mzuri. Ndiyo maana nikakupa jina."

Susu aliondoka akarudi. Mimi sijaondoka popote, naenda kazini, nafua, naandika hapa, na mtoto wangu ndiye aliye mlangoni kwa watu kwenye mvua. Nimefanya lile lile nililoliogopa. Na nilifanya kwa mikono yangu, kwa begi lenye zipu.

Jumamosi, 27 Mei

Nimekwenda. Mvua ilinyesha njia nzima. Nilivaa viatu vile vile.

Ilinishika getini kwa Munyiva, kama nilivyojua itanishika. Moyo, vidole, hewa. Miguu ikataka kurudi barabarani. Nikashika gogo la geti, nikatoa hewa polepole, nikatoa tena. Munyiva akatokea na mwavuli, Kanyiva nyuma yake.

"Unaona?" akasema Munyiva, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kuliko miguu yangu. "Ndiyo hiyo inakushika. Unaona mwenyewe!"

"Ndiyo," nikasema. "Ngoja ipite, halafu tuongee."

Ilichukua muda. Niliogopa sana, na niliogopa mbele ya mtoto wangu, jambo ambalo nimelikimbia msimu mzima. Kanyiva alinitazama bila kupepesa macho. Ikapanda. Ikakaa juu. Ikashuka. Nilikuwa bado getini.

"Nimekuja kumchukua," nikamwambia Munyiva. "Na kesho sitakuja kanisani. Jina nimebaki nalo."

"Na ikikushika ukiwa naye? Mama Kanyiva, mimi nimebaki na nini cha kaka yangu? Ni huyu tu!"

Hapo ndipo nilipomwona. Nilikuwa nimemwona kama malaika, kisha nikamwona kama mwizi wa mtoto, kumbe alikuwa mwoga kama mimi. Musili alikuwa kaka yake. Kwenye mazishi alisimamia sufuria pamoja nami, naye pia hakulia. Nilimshika mikono kama alivyonishika siku ile jikoni.

"Utakuja kwetu kila utakapo. Na Jumatano moja nataka twende pamoja mahali, mjini. Kuna ngazi nyingi."

Hakukubali. Hakukataa pia. Aliingia ndani akatoa begi. Halikuhitaji kupangwa. Kanyiva hakuwahi kulifungua lote, alikuwa akichomoa nguo moja moja na kuirudisha.

Njiani alitembea mbele yangu. Sikumlaumu. Tulipokaribia lami alisimama bila kugeuka.

"Na ukiogopa tena, utanirudisha?"

"Hapana. Nikiogopa nitakuambia, naogopa. Utakaa hapo, na mimi nitakaa hapo, tungoje ipite."

"Kama leo getini?"

"Kama leo."

"Ilikaa sana."

"Najua."

Hakunishika mkono. Lakini alirudi nyuma, tukaenda sambamba.

Jumatatu, 29 Mei

Siku za kawaida huwa naziandikia mstari mmoja au naziacha kabisa. Hii nataka kuiandika yote, maana kwetu siku za namna hii ndizo tunazosahau kusimulia.

Asubuhi imenyesha. Niliamka nikiwa na hofu, bila sababu, nikamwambia Kanyiva naogopa kidogo. Akasema sawa, akaendelea kutafuta soksi. Alikwenda shule ya Riruta kwa sare ya Riruta. Dukani Mama Yash alinigombeza kuhusu uzi, halafu akaniuliza, akitazama pembeni, huyo mama wa mjini huwa anaona watu wazee pia? Nikasema anaona.

Jioni nilichemsha mbaazi za Baba pamoja na mahindi. Kanyiva alisema chumvi imezidi. Mvua ilianza tena, kubwa, juu ya mabati. Nilimshika nguo begani, bila kujua kwamba nimeishika. Aliniacha niishike.

Viatu vyetu viko mlangoni, vyote vina tope.

Tumekula. Amelala.